Haibridi ya Kwenda Nayo Kazini

Baiskeli ya haibridi ni chotara wa baiskeli ya barabarani na ile ya milimani. Ilienea katika miaka ya 1980 na 1990, baada ya baiskeli za milimani zilizoanzia California kununuliwa na watu wengi walioziendesha mjini tu. Upande mmoja ilirithi magurudumu makubwa yanayobingirika vizuri kwenye lami. Upande wa pili ikapata usukani ulionyooka, gia nyepesi za kupandia na matairi mapana kiasi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetoka Tabata au Mbagala alfajiri, akakutana na lami, mchanga, matuta na madimbwi ya masika katika safari ile ile, chotara huyu anafaa kuliko wazazi wake wote wawili. Lakini jina hilo hubandikwa kwenye baiskeli imara na dhaifu sawasawa, na rangi mpya ya dukani huficha mengi.

Ukaguzi uanzie gurudumu la nyuma. Ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu na mzigo, tena ndilo linalosukuma. Baiskeli za kizamani za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na waliozipanga hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Haibridi ya kila siku isipungue spoki 32 nyuma. 36 ni bora zaidi, hasa kwa anayepakia mtoto au gunia kwenye karia. Rimu iwe ya alumini yenye kuta mbili, maana ile ya ukuta mmoja hupinda mapema kwenye mashimo. Gurudumu likizungushwa, pengo kati ya rimu na mpira wa breki lisibadilike, na spoki za upande mmoja zikifinywa mbili mbili ziwe zimekaza karibu sawa.

Ndani ya habu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Baiskeli nyingi za bei ya chini zenye gia 6 au 7 nyuma hutumia friwili ya kufungwa kwa hesi. Katika mpangilio huo beringi ya upande wa kulia hukaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila egemeo. Hapo ndipo ekseli hupinda au kukatika. Mfumo wa kaseti, ambao kampuni ya Shimano iliuingiza sokoni mwaka 1978, ulisogeza beringi hiyo hadi karibu na ncha ya ekseli. Mtu mzito, au anayebeba mizigo, aongeze pesa apate kaseti, hata kama itambidi kuacha mapambo mengine yote.

Kisha tairi. Neno “inchi 28” limewapotezea pesa watu wengi. Tairi la baiskeli kubwa ya kizamani, aina ya Phoenix, huitwa inchi 28 na hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Haibridi nyingi nazo huitwa inchi 28, au 700C, lakini rimu yao ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho, ila tairi la moja halikai kwenye nyingine. Nambari ya kuamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni, kwa mfano 40-622: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kwa barabara za mchanganyiko, upana wa milimita 38 hadi 42 unatosha, mradi fremu iache nafasi ya madigadi.

Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kuchomelea wa mtaani huweza kuiunga. Ya alumini ni nyepesi na hailiwi ovyo na chumvi ya pwani, lakini kuiunga kunataka mashine na ujuzi usiopatikana kila kona. Foku ya springi za bei rahisi ni bora iachwe: huongeza uzito, hulegea, na mara nyingi haina spea. Foku ngumu pamoja na tairi pana hutosha.

Breki za V zinazobana rimu ni rahisi kurekebisha, na mipira yake ni ya bei nafuu, ingawa mchanga wa masika huila rimu taratibu. Breki za diski za waya ni chaguo zuri pia. Zile za mafuta zina nguvu, ila zikivuja zinamtaka fundi mwenye vifaa vyake.

Gia 7 au 8 nyuma zinatosha mjini. Zikizidi hapo, mnyororo huwa mwembamba na ghali zaidi. Pingili 24 za mnyororo mpya hupimwa inchi 12 kamili. Zikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Ukiachwa hadi moja ya nane, kwa kawaida meno ya gia nayo yameshaliwa.

Kimo nacho kipimwe: mwendeshaji akisimama juu ya fremu, ibaki nafasi ya sentimita chache, na akiwa amekaa kwenye siti, pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo. Baada ya wiki chache za kwanza, baiskeli irudi kwa fundi akaze spoki, kwa kuwa mpya hulegea, na akaze pedali pia, akikumbuka kwamba ya kushoto ina hesi ya kinyume.