Umeme wa Jua Kenya: Nani Abebe Hasara?

Biashara ya umeme wa jua nchini Kenya haikuanzishwa na kampuni kubwa. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1984 katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru. Shule hiyo ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, aliishawishi bodi ijaribu umeme wa jua, na mhandisi Harold Burris akafunga mitambo madarasani. Burris, aliyekuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Solar Shamba, aliwafundisha kazi hiyo mafundi wa huko huko. Walimu na wakulima walioziona taa za shule walianza kutaka za kwao.

Yafaa ikumbukwe kwamba wakati huo vibao vya jua vilikuwa ghali mno, na wanavijiji hawakuwa wamevizoea. Mtu anayeanzisha biashara katika hali hiyo huweka rehani fedha zake na jina lake pia. Huo ni ujasiri. Lakini ujasiri wa mfanyabiashara hupimwa kwa swali moja: mambo yakiharibika, nani atabeba hasara?

Swali hilo linatokana na mtambo wenyewe. Kibao kizuri hudumu miaka 20 au zaidi, bali betri hufa upesi ikikamuliwa kila usiku hadi mwisho. Muuzaji anayemwahidi mkulima kwamba kibao kidogo kitawasha taa zote na televisheni usiku kucha anajua kwamba betri haitastahimili. Yeye amekwisha pata faida. Hasara amemwachia mkulima. Katika miaka ya 1990 vibao vidogo vya bei nafuu vilienea Kenya. Baadhi vilikuwa vizuri, lakini vingine, vilipopimwa, vilionekana kutoa umeme pungufu sana kuliko ilivyoandikwa. Mnunuzi hakuwa na chombo cha kupimia. Alichokuwa nacho ni imani tu, na imani ikivunjwa, hata muuzaji mwaminifu hukosa wateja.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo kwa mkopo nchini humo. Mnunuzi alitoa malipo ya kwanza, kisha akalipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, mtambo ulizimwa kutoka mbali. Mpango huo ulihamisha sehemu ya hatari. Mtambo ukiharibika kabla deni halijaisha, mnunuzi huacha kulipa, na muuzaji naye huumia. Hivyo basi, muuzaji hulazimika kujali ubora na matengenezo.

Hata hivyo, mkopo nao una miiba. Mwaka 2019 Mobisol ya Berlin, iliyokuwa ikikopesha mitambo Tanzania, Rwanda na Kenya, ilishindwa kumudu madeni, na baadaye ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Fedha za mitambo hulipwa leo, ilhali marejesho huja baada ya miaka. Anayekimbilia kuongeza idadi ya wateja bila kutazama uwezo wao wa kulipa huwaweka hatarini wenye mtaji, wafanyakazi na wateja wenyewe.

Hapana shaka kwamba bila watu wa kuthubutu taa zisingewaka Karamugi. Lakini kuthubutu kwa fedha zako ni jambo moja, na kuthubutu kwa akiba ya mkulima asiyejua ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni ujasiri. La pili ni unyonyaji.