Mila Zilezile, Kinyongo Upande Mmoja

Tukisikia kabila fulani halielewani na jingine, haraka tunatafuta sababu katika mila: hawa wana majivuno, wale hawaaminiki, tena mababu zao walipigana. Maelezo hayo yanaridhisha kwa kuwa tofauti za mila zinaonekana kwa macho. Yanakwama, hata hivyo, pale watu wa mila zilezile wanapopatana upande mmoja wa mpaka na kuwekeana kinyongo upande wa pili.

Ndivyo ilivyo kwa Wachewa na Watumbuka. Mpaka wa Zambia na Malawi ulichorwa na Waingereza mwaka 1891 kwa urahisi wa utawala tu, ukayagawa makabila yote mawili. Mtaalamu wa siasa Daniel Posner alihoji wanavijiji wa pande zote mbili, na mwaka 2004 akachapisha aliyoyakuta. Kote walimtajia tofauti zilezile: lugha, ngoma, mahari. Ila Malawi tofauti hizo zilikuwa sababu ya kumkataa mgombea urais wa kabila la pili, hata mchumba. Zambia wengi hawakuona shida. Kwa maelezo ya Posner, siri iko katika hesabu ya kura. Nchini Malawi kila kabila kati ya hayo ni kubwa kiasi cha kuwa mtaji wa anayewania ikulu. Nchini Zambia yote mawili ni madogo, hivyo mwanasiasa hupata faida zaidi akiwaita wote watu wa mashariki.

Mkosoaji atasema hayo ni matokeo ya utawala wa Rais Kamuzu Banda wa Malawi, aliyeifanya Kichewa lugha ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1989 akaamuru walimu wenye asili ya kaskazini, wanakotoka Watumbuka, warudi kufundisha kwao. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli nchi mbili hazitoshi kujenga kanuni. Lakini amri za Banda nazo zilikuwa mambo ya madaraka, si ya ngoma wala mahari. Isitoshe, mwaka 2010 Posner, Benn Eifert na Edward Miguel walichambua majibu ya watu zaidi ya 35,000 katika nchi 10 za Afrika, wakaona kwamba uchaguzi wenye ushindani unapokaribia, watu huelekea zaidi kujitambulisha kwa kabila. Mila hazifuati ratiba ya tume ya uchaguzi.

Je, basi lawama zote ni za wanasiasa, na raia hana hatia? Hapo nasita. Mwaka 1970 Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya Wanazi, alichapisha majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol. Waliambiwa wamegawanywa kulingana na mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, kumbe mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu. Kisha kila mmoja aligawa pesa kwa wenzake asiowajua ni nani, bila yeye kupata chochote. Walipendelea kundi lao. La kutisha zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo kuliko ambavyo lingeweza kupata, ilimradi lile jingine liachwe mbali. Mwanasiasa, kwa hiyo, hupanda mbegu kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Anachochagua yeye ni mbegu gani.

Ndiyo maana nina shaka na semina za kufundishana mila kana kwamba tatizo ni kutojuana. Wachewa na Watumbuka wa Malawi wanajuana vizuri sana. Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki za makundi, hakusema kukutana kunatosha. Alitaka wanaokutana wawe na hadhi sawa, lengo moja na kazi ya kushirikiana, tena waungwe mkono na wenye mamlaka. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wanaotakiwa kulitimiza mara nyingi ndio wanaovuna kura kutokana na mgawanyiko.