Ukikata bomba la gari, moshi unakwenda wapi?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea juu ya malaria, maji ya kunywa na lishe ya watoto. Mwezi huu mtuvumilie, kwa maana tutaongea juu ya gereji. Sisi wauguzi si mafundi wa magari, na haya machache tunayoyajua juu ya injini tumefundishwa na fundi anayetunza gari la wagonjwa la hospitali yetu. Lakini yapo mambo yanayofanyika gereji asubuhi, na jioni yakafika wodini kwetu.

Siku moja ya mwezi wa Juni familia moja ilikuwa ikienda msibani upande wa Njombe. Wanaozijua sehemu zile wanajua Juni kulivyo: ukungu, manyunyu, na baridi ya kuingia mifupani. Walipanda pikapu kuukuu ya petroli. Mbele walikaa dereva na wazee wawili. Nyuma walikaa akina mama watatu na watoto wanne, na kwa ajili ya baridi turubai lilifungwa vizuri pande zote.

Majuma mawili kabla ya safari ile mwenye gari alitaka gari lake liamke. Ndivyo alivyotueleza. Fundi akaikata sailensa, akaweka bomba pana lililonyooka. Bomba lenyewe halikutosha urefu, basi likaishia chini ya bodi, karibu na tairi la nyuma. Kwenye injini akaliondoa kasha la chujio la hewa, lile liitwalo ea-klina, akaweka mahali pake chujio dogo la wazi la kununua dukani, kisha akaifungulia kabureta ili petroli iingie kwa wingi. Gari likaanza kunguruma kama lori la tani kumi. Mwenye gari akafurahi.

Njiani watoto walilalamika kuumwa vichwa, mmoja akatapika. Akina mama walidhani ni mwendo wa gari. Mtoto wa miaka minne alipolegea na kukataa kuamka, mama yake aligonga kioo cha dereva kwa kiganja, halafu kwa kiatu. Dereva hakusikia. Bomba lile lilikuwa likipiga kelele chini ya miguu yake, na alikuwa akipandisha mlima. Walipona kwa sababu ya pancha.

Mtoto alipoletwa kwetu tulifikiri ni malaria. Tulimpima damu, hatukuona vijidudu. Tukambana kidoleni kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni, kikaonyesha asilimia 98. Tukaridhika kwamba anapumua vizuri. Hapo tulikosea, na tunalisema wazi ili na wenzetu wa zahanati walisikie. Aliyetufungua macho ni bibi wa mtoto. Alisema, “Wanangu, mbona sisi sote wa nyuma vichwa vinatuuma? Tena tuliposhuka kubadilisha tairi tulipata nafuu, tulipopanda vikarudi.”

Maneno yale ya bibi yalikuwa na thamani kuliko kile kifaa chetu. Watu wote waliokaa mahali pamoja wakiumwa vichwa kwa wakati mmoja, na wakipata nafuu wanapotoka nje, basi kuna sumu katika hewa ya mahali pale. Sumu yenyewe inaitwa kaboni monoksidi. Wengi wenu mnaijua bila jina lake: ni ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi, haina harufu. Harufu mnayoisikia katika moshi wa gari ni ya vitu vingine, kwa hiyo msijidanganye kwamba mkikosa kunusa moshi hakuna hatari.

Damu yetu ina kitu kiitwacho hemoglobini, kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa, oksijeni haina nafasi. Mgonjwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo wake unakosa hewa. Na kwa nini kifaa chetu kilidanganya? Kwa sababu hutazama wekundu wa damu kwa mwanga, na damu iliyobeba sumu hii ni nyekundu pia. Kifaa hakiwezi kuitofautisha na damu iliyobeba oksijeni.

Watoto hudhurika upesi kwa kuwa wanapumua kwa haraka kuliko sisi. Mama mjamzito tunamhofia zaidi, maana damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hii kuliko damu ya mama, na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kupata kichwa kuuma tu, kumbe mtoto ameumia sana.

Sasa turudi gereji. Fundi wetu alitueleza kwamba kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua au petroli ikizidi, haiungui vizuri, na hapo ndipo kaboni monoksidi huzaliwa kwa wingi. Injini ya zamani yenye kabureta hupimiwa kiasi chake tangu kiwandani, pamoja na chujio lake na bomba lake. Ukibadilisha upande mmoja, kipimo kinaharibika. Ongezeni na jambo la milima yetu: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyofunguliwa tayari ikipelekwa huko humwaga petroli nyingi zaidi kuliko hewa iliyopo. Na chujio la wazi lililowekwa ndani ya boneti huvuta hewa ya moto ya injini, ambayo nayo ni nyepesi.

Je, gari halipati nguvu? Tuwe wakweli. Kama bomba la zamani limeziba kwa kutu na masizi, bomba jipya la kipimo kizuri, lenye sailensa yake, litasaidia. Chujio lililojaa vumbi likibadilishwa, gari litapumua. Lakini katika injini kuukuu isiyo na tabo faida ya kukata sailensa ni ndogo sana. Kinachoongezeka ni sauti, na sikio la mwanamume, tusamehewe kusema hivi, huichukua sauti kuwa ndiyo nguvu.

Bomba refu la moshi halikuwekwa kwa ajili ya pambo. Kazi yake ni kuichukua sumu na kuitupa mbali na watu. Likikatwa chini ya bodi, moshi hubaki chini ya gari na kuingia kupitia kila tundu la sakafu, na magari ya zamani yana matundu mengi ya kutu. Tena tazameni gari lililopita barabara ya vumbi: vumbi jingi limeganda wapi? Nyuma, kwenye mlango. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi kulifuata gari. Vumbi lile linawaonyesha njia ya moshi. Pakiwa na turubai nyuma, moshi huvutwa ndani na hauna pa kutokea.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi ile habari za watoto 20 waliopata sumu hii wakiwa wamebebwa nyuma ya pikapu. Kumi na saba walikuwa chini ya paa gumu lililofungwa, watatu chini ya turubai. Mmoja alifariki. Watoto hao wote walikuwa katika magari ambayo bomba lake lilijulikana kuvuja, au mdomo wake ulitokea nyuma badala ya ubavuni.

Wenye malori ya dizeli wasifikiri wamesalimika. Ni kweli injini ya dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko ya petroli. Shida yake kubwa ni masizi. Pampu ikifunguliwa ili lori lipande mlima na mzigo uliozidi, dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi mweusi, na chembe zake ni ndogo mno hata hupita pua na koo na kufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli unasababisha kansa ya mapafu. Wanaouvuta kila siku ni dereva na utingo wake, halafu watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara, na mama muuza ndizi pale malori yanapobadilisha gia. Wale wenye pumu tunawapokea sisi. Na anayeliondoa chujio kabisa huingiza vumbi ndani ya injini. Ringi zinalika, injini inaanza kula oili, na moshi unazidi. Kwa hiyo baada ya muda hata ile nguvu aliyoitafuta haipo.

Kelele nazo ni ugonjwa. Sauti ya desibeli 85 sikio linaweza kuivumilia kwa saa nane kwa siku. Kila inapozidi kwa desibeli 3, muda hupungua kwa nusu, hata ikifika 100 ni robo saa tu. Dereva wa gari lisilo na sailensa anakaa humo kutwa nzima. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza: sauti za watoto, mlio wa simu, herufi kama s na f. Mkewe anafikiri anapuuzwa. Uziwi wa namna hii hauna dawa. Na mnakumbuka yule mama aliyegonga kioo kwa kiatu.

Kwa hiyo mzee mwenye gari, kabla ya kupakia familia fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, lala chini uangalie bomba tangu injini hadi mwisho. Alama nyeusi ya masizi penye maungio maana yake panavuja. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bodi, ubavuni, upande usio na madirisha ya abiria. Ziba matundu ya sakafu. Fundi akikuambia atakata sailensa, mwulize moshi utatokea wapi. Kama gari ni la miaka ya karibuni na linatumia petroli, lina kasha jingine kwenye bomba linaloigeuza kaboni monoksidi kuwa hewa isiyo na sumu hiyo. Wapo wanaolitoa na kuliuza, usikubali. Usiwashe gari likiwa ndani ya banda lililofungwa hata kwa dakika chache. Na watoto wasipakiwe nyuma chini ya turubai lililofungwa. Kama ni baridi, wakae mbele na sisi wakubwa tuvae makoti.

Mtu akilegea ndani ya gari, simamisheni, zimeni injini, mtoeni nje kwenye upepo. Hewa ya kawaida huondoa nusu ya sumu kwa saa nne hadi sita; oksijeni ya hospitali hufanya hivyo kwa saa moja hivi au moja na nusu. Ndiyo maana mnapaswa kuja hata kama ameamka. Yule mtoto wetu tulimwekea oksijeni kwa barakoa, na kabla ya usiku wa manane aliomba uji. Tulimwambia mama yake amrudishe baada ya majuma mawili, kwa kuwa sumu hii huweza kuacha usahaulifu au tabia ya ajabu inayoonekana baadaye. Alimrudisha, na hatukuona kasoro. Walikuja kwa basi.

Mkifika mapokezi msiseme tu “ana homa” au “amechoka na safari.” Semeni: tulikuwa ndani ya gari, au karibu na jiko la mkaa, tulikuwa wangapi, na nani mwingine anaumwa kichwa.