Sumu Moja, Majina Manne: Wataalamu Wetu Wakubaliane

Katikati ya mwaka 2004, nikiwa ningali mwanafunzi wa chuo kikuu, nilihudhuria baraza karibu na soko la Ikutha, kusini mwa Kitui. Watu walikuwa wakifa kwa kula mahindi. Afisa wa kilimo alisimama akatuonya dhidi ya ukungu. Afisa wa afya aliyemfuata akataja fangasi. Daktari wa mifugo akasema kuvu, akaongeza kwamba nafaka zilizoharibika wasipewe hata kuku. Wa nne, aliyetoka Nairobi na vyombo vya kupimia, alizungumzia aflatoksini.

Walipomaliza, mama mmoja mzee aliinuka akauliza: "Wanangu, mmetutajia maadui wanne. Ni yupi aliye katika mahindi yangu?" Watu walicheka, wataalamu wakatazamana. Jibu alilopewa lilikuwa refu, na lilianza tena kwa neno fangasi.

Kufikia Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Mvua zilikuwa zimenyesha nje ya msimu, mahindi yakavunwa na kuwekwa majumbani yangali na unyevu. Wala hilo halikuwa janga la kwanza: mwaka 1981 sumu hiyo hiyo iliua watu 12 hospitalini huko Machakos. Halikuwa la mwisho pia, kwani mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara nchini Tanzania.

Sidai kwamba maneno ndiyo yaliyoua. Mvua, njaa na uhifadhi mbovu vilitosha kuua. Lakini onyo nalo ni dawa, na dawa isiyomezeka haiponyi. Tangu siku ile nimeshawishika kwamba kuwianisha msamiati wa taaluma mbalimbali si mchezo wa sisi wanaisimu tunaokaa vyuoni tukihesabu viambishi. Ni jambo la uhai.

Hebu tuyachunguze maneno yale moja baada ya jingine. Ukungu, kwa mkulima wa Ikutha kama kwa mvuvi wa Lamu, ni ule mvuke unaofunika nchi alfajiri. Tena ni utandu unaoota juu ya chakula kilichochacha. Maana zote mbili zinahusu kitu kinachoonekana. Basi mkulima aliyeambiwa aogope ukungu huyapangusa mahindi yake, huyaanika, na akiona yameng'aa huyapeleka kinuni au kwenye mashine ya kusaga. Kumbe sumu yenyewe haionekani, haina harufu ya kuitambulisha, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi huipunguza tu, hakuiondoi.

Fangasi, katika vinywa vya watu wengi, ni maradhi yanayowasha kati ya vidole vya miguu na kutibiwa kwa mafuta ya kupaka. Kuvu ni neno lililo karibu zaidi na ukweli, ila ni jina la kiumbe, si jina la sumu inayozalishwa na kiumbe hicho. Aflatoksini ndilo jina barabara la sumu, lakini kwa asiyelijua ni mlango uliofungwa.

Isitoshe, kuna neno dawa. Unga unaonunuliwa dukani ili kuua fukusi ghalani huitwa dawa ya mahindi. Mkulima aliyekwisha kutia dawa huamini kuwa mahindi yake yamekingwa na kila baya, ilhali dawa ya fukusi haiondoi sumu ya kuvu. Mgonjwa naye akifika hospitalini macho yamegeuka rangi, jirani zake husema ana homa ya manjano. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Umanjano wa macho ni dalili tu, na katika mkasa huu ulikuwa dalili ya ini lililoathiriwa na chakula. Jamaa watafunga neti kitandani, na jioni watapika isyo kutoka katika gunia lile lile.

Kosa liko wapi? Kila mtaalamu alizungumza kwa usahihi ndani ya taaluma yake. Mwenye kilimo alitaja kile akionacho shambani, mwenye afya akataja jamii ya viumbe aliyofundishwa, mkemia akataja kile chombo chake kinachopima. Kila mmoja alishika pingu moja ya mnyororo akadhani ameushika wote. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kuziunganisha pingu hizo kwa lugha ya wasikilizaji.

Mwaustria Eugen Wüster, mhandisi aliyechapisha mwaka 1931 kitabu kuhusu usanifishaji wa lugha ya uhandisi, alitufundisha kanuni nyepesi ambayo hatuitii: anza na dhana, kisha tafuta jina. Wataalamu wakubaliane kwanza ni vitu vingapi wanavyovizungumzia, kila kimoja kikoje na kinahusianaje na kingine. Hapo ndipo waulize kiitweje. Sisi hufanya kinyume. Hupigania majina kabla ya kuhesabu vitu.

Historia ya sumu hii yenyewe ni somo. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza. Madaktari wa mifugo, kwa kutojua chanzo, waliuita ugonjwa huo X. Uchunguzi ulifuata chakula chao hadi kwenye karanga zilizotoka Brazil, na kutoka hapo ukaifikia kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Jina aflatoksini liliundwa kutokana na jina la kuvu hiyo pamoja na neno lenye maana ya sumu. Wa mifugo, wa lishe na wa kemia walipata neno moja kwa sababu walikuwa wamekwisha kupata kitu kimoja.

Kiswahili hakijashindwa na kazi hiyo. Nchini Tanzania limeenea neno sumukuvu, lililojengwa kwa ufundi ule ule: sumu na kuvu. Ni neno zuri, na mzee asiyesoma hulielewa mara anapolisikia. Hata hivyo, tusilitumie kiholela. Kuvu huzalisha sumu za aina nyingi, na aflatoksini ni mojawapo tu. Kwa hiyo napendekeza ngazi nne: ukungu uwe utandu unaoonekana, kuvu iwe kiumbe, sumukuvu iwe jina la ukoo mzima wa sumu hizo, na aflatoksini iwe jina la mtoto mmoja wa ukoo huo.

Yamkini msomaji ataona kuwa huku ni kupasua unywele. Na azingatie hili: njia mojawapo inayotumika sasa kupambana na aflatoksini nchini Kenya ni kutawanya shambani kuvu isiyozalisha sumu, ili iichukulie nafasi ile yenye sumu. Iwapo kwa miaka mingi tumemfundisha mkulima kwamba kuvu ndiyo sumu, tutamwambiaje leo aipande kuvu shambani mwake? Atadhani tumerukwa na akili, na lawama itakuwa yetu.

Vipimo navyo vina mkanganyo wake. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla katika kilo moja ya mahindi. Mtaalamu mwingine huandika sehemu 10 kwa bilioni. Ni kitu kimoja, lakini mfanyabiashara aliye na vyeti viwili mkononi hudhani maabara zimepingana.

Wala tusiwanyoshee kidole wanasayansi peke yao. Wizara inayoitwa ya kawi Nairobi huitwa ya nishati Dodoma. Sisi wanaisimu, ambao lugha ndiyo kazi yetu, tuna walimu wanaofundisha nomino na wengine wanaofundisha jina, na ngeli tunazitaja kwa nambari darasa hili na kwa viambishi darasa lile. Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Vyombo vipo, lakini istilahi inayobaki kabatini ni sawa na mbegu isiyopandwa.

Sisemi kila dhana iwe na neno moja tu kuanzia Lamu hadi Kigoma. Kawi na nishati zinaweza kuishi pamoja, maadamu kamusi inasema wazi kwamba ni kitu kimoja. Lisilovumilika ni neno moja kubeba vitu viwili ndani ya onyo moja.

Kwa walimu nina ombi. Mwanafunzi wa Ikutha husoma biolojia kwa Kiingereza, insha kwa Kiswahili, na jioni huzungumza Kikamba na nyanya yake. Vyumba hivyo vitatu havina milango ya kupitia. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia waketi siku moja, wachukue gunia moja la mahindi, na wawaulize wanafunzi: humu mna vitu vingapi, na kila kimoja kinaitwaje katika lugha zetu zote? Somo hilo halihitaji maabara.

Mama yule wa barazani hakuuliza swali la ujinga. Aliuliza swali la isimu, na alistahili jibu la neno moja.