Oili ya Vitz si oili ya Pijo

Ingia duka la spea leo uombe oili bila kutaja gari, na huenda ukapewa kopo la 5W-30 lenye herufi SP. Ni oili nzuri, tena ya bei. Kwa Vitz au IST haina lawama. Lakini kama gari uliloliacha nje ni Peugeot 504 ya mwaka 1976, umenunua oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za namna nyingine kabisa.

Pijo halihitaji utambulisho. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na 1967, kisha Ove Andersson akashinda kwa 504 mwaka 1975. Waliozaliwa baadaye walilijua kama teksi ya masafa marefu iliyobanana abiria. Sasa yamebaki machache, na wenye nayo wanayapiga rangi, wanatafuta taa za asili na kushona viti upya. Halafu wanamimina ndani oili yoyote anayoshauri muuza duka. Hapo ndipo ninapokwaruzana nao.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huzipanga oili za injini za petroli kwa herufi. SF ilikuja 1980, SJ 1996, SM 2004, SP 2020. Kwa kauli rasmi, ya mbele hushika nafasi ya zote zilizoitangulia. Kwa injini ya kabla ya 1985 sikubaliani na kauli hiyo, na sababu iko kwenye kamshafti.

Ndani ya 504, kamshafti imekaa kwenye bloku, na kila nundu yake inasukuma tapeti yenye uso bapa. Hakuna roli. Chuma kinasugua chuma huku springi ya valvu ikikandamiza, na mahali vinapogusana ni ufito mwembamba tu. Unyevu wa oili peke yake hautoshi kuvitenganisha. Kinachookoa ni kiungo cha zinki na fosforasi kinachofupishwa ZDDP, ambacho kimekuwa kikitiwa kwenye oili tangu miaka ya 1940. Kikipata joto na mkandamizo huacha utando juu ya chuma, na utando huo ndio unaolika badala ya nundu.

Tatizo likaja na masega ya ekzosi. Fosforasi inayotoroka na moshi huyapaka masega hayo hadi yakashindwa kusafisha hewa chafu, kwa hiyo watengenezaji wakaanza kuipunguza. Oili nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na fosforasi iliyozidi asilimia 0.1. Kuanzia SM, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 haziruhusiwi kuvuka asilimia 0.08. Injini nyingi za kisasa hazidhuriki, kwa kuwa zina roli au springi nyepesi. Pijo lako halina masega ya kulinda, ila lina tapeti za kuua.

Itoe tapeti iliyoharibika uishike kwenye mwanga. Uso wake, ambao kiwandani uliachwa umevimba kidogo katikati, umebonyea kama kisahani na umejaa vishimo. Tapeti nzima huzunguka taratibu kila inaposukumwa, ndiyo maana hulika sawasawa. Ikishabonyea huacha kuzunguka, na kuanzia hapo inaitafuna nundu. Valvu haifunguki inavyopaswa, gari linagonga tak-tak likiwa sailensa, na kwenye mlima kama Kitonga linakosa pumzi. Fundi anafungua kabureta isiyo na kosa lolote. Wakati huohuo, unga wa chuma umeshafika kwenye beringi za krankshafti.

Si kila gari la zamani lina ugonjwa huu. Land Rover Series yenye injini ya lita 2.25 ina roli kwenye tapeti zake, kwa hiyo haijali sana suala la zinki. Corolla za injini ya 3K na 4K, ambazo bado zinaonekana mitaani, ziko upande wa Pijo.

Baada ya herufi, namba. Wapo mafundi wanaoamini kwamba oili ikiwa nzito zaidi ndiyo inalinda zaidi, na injini ikianza kutoa moshi wanaongeza uzito ili kelele ipungue. Huko ni kuficha maradhi. Volkswagen Beetle inaonyesha hasara yake vizuri. Injini yake inapozwa kwa hewa, ina oili lita 2.5 tu, na haina filta ila wavu chini ya sampu. Oili ikiwa nzito mno, presha hupanda, valvu ya presha inafunguka na oili inapita pembeni bila kwenda kwenye kipoza oili. Unamimina nzito ili kuilinda injini na joto, kumbe unailazimisha ikose kupozwa. Kitabu cha Volkswagen kiliagiza SAE 30 kwa majira ya joto, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kwa 504 au Corolla ya zamani inayotembea Dar au Mombasa, 20W-50 ni sawa. Kwa asubuhi za Njombe au Limuru ningechagua 15W-40, kwa sababu baridini oili nzito huchelewa kufika juu kwenye valvu.

Kwa hiyo geuza kopo usome nyuma. Ukiona maneno "Resource Conserving" kwenye duara la API, lirudishe. Ukiweza kupata karatasi ya kiwanda, tafuta fosforasi kati ya 1,000 na 1,200 kwa kila milioni. Usipoipata, oili ya dizeli ya 15W-40 yenye alama CI-4 ni chaguo la heshima, na mafundi wengi wa Pijo huitumia bila kujua kwamba sayansi iko upande wao. Vichupa vya kuongeza zinki siviamini, maana zinki ikizidi nayo hula chuma. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina, hata kama ni nusu bei, iache. Na gari lililolala bandani miaka mingi, shusha sampu usafishe tope kwanza, kwani oili mpya ina dawa ya kusafisha itakayolimeng'enya na kulipeleka kwenye chujio la pampu.

Gari la kutembea Jumapili tu nalo libadilishiwe oili kila mwaka, hata kama halijafikisha kilomita 1,000, kwa sababu safari fupi huacha maji na petroli ndani ya oili. Imwage injini ikiwa ya moto.