Kabla ya kukimbilia dawa ya UTI, angalia kwanza chupi ya mtoto

Mtoto wa darasa la pili anarudi kutoka shule saa tisa alasiri, anatupa begi kwenye kochi na kukimbilia chooni. Hajabanwa na haja. Anajikuna. Mama akimchunguza anakuta mapaja yamekuwa mekundu na alama ya lastiki imejichora kiunoni. Neno linalomjia kichwani ni moja tu: UTI. Kesho yake anakwenda duka la dawa, na mtoto anaanza kumeza vidonge bila kupimwa.

Nyumba nyingi zinaijua hali hii, hasa kwenye miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Kitu kinachosahaulika kukaguliwa ni ile nguo ambayo mtoto ameshinda nayo mwilini tangu asubuhi.

Kwa nini pamba?

Eneo la kinena lina mikunjo, hutoa jasho na hupata hewa kidogo. Likifunikwa na kitambaa kisichonyonya unyevu, jasho hubaki juu ya ngozi. Ngozi iliyolowa hulainika, huchubuka kirahisi na kuwapa fangasi mazingira wanayoyapenda: joto, giza na unyevu.

Vitambaa havifanani katika kunyonya unyevu. Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hubeba unyevu unaofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake, nailoni karibu asilimia 4, na poliesta chini ya asilimia 1. Ndiyo maana chupi ya poliesta inayong'aa hupendeza dukani lakini humsumbua mtoto ifikapo mchana.

Hata hivyo, pamba nayo ikilowa hukawia kukauka. Mtoto aliyecheza mpira hadi akatota jasho anapaswa kuoga na kubadilisha nguo, hata kama chupi yake ni ya pamba tupu.

UTI na muwasho ni vitu viwili

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi husababishwa na bakteria wanaotoka kwenye utumbo. Dalili zake ni pamoja na maumivu wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu ya tumbo la chini na homa. Huthibitishwa kwa kupima mkojo.

Muwasho wa ngozi ya nje ni jambo jingine. Unaweza kuletwa na jasho, nguo ya kubana, sabuni yenye manukato au povu ambalo halikusuuzwa vizuri. Dawa za kuua bakteria haziutibu. Kwa wasichana wakubwa na wanawake, dawa hizo zinaweza hata kuchochea fangasi, kwa kuwa huua pia bakteria wazuri wanaoulinda uke.

Mtoto mwenye homa, maumivu anapokojoa, vidonda, au muwasho usiopungua baada ya siku chache apelekwe kituo cha afya. Mtoto wa kike anayetoa uchafu wenye harufu au damu apelekwe siku hiyohiyo, na mzazi azungumze naye kwa upole, bila kumfokea. Inawezekana kuna kitu kimeingia ukeni, au kuna mtu amemdhuru.

Unapokwenda kununua

Soma lebo. Tafuta neno "cotton" na asilimia yake. Kiasi kidogo cha nyuzi za kuvutika si tatizo, kwani husaidia nguo isilegee haraka. Ikiwa nguo ni ya kitambaa kingine, angalau kipande cha ndani kinachogusa sehemu za siri kiwe cha pamba.

Kama lebo haipo, dondoshea kitambaa tone la maji. Pamba iliyokwisha kufuliwa hulinyonya haraka. Kwa chupi kuukuu iliyopo nyumbani, mtu mzima anaweza kuchomoa uzi na kuuchoma mbali na watoto: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu, wa poliesta huyeyuka na kuganda.

Ukubwa nao ni muhimu. Vidole viwili vipite bila shida chini ya lastiki. Na bei isikuvute kwenye mitumba: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa.

Msifiche kamba ya nguo

Kwa sababu ya staha, familia nyingi huanika nguo za ndani bafuni au nyuma ya mlango. Huko hukaa na unyevu siku nzima, na wakati mwingine huvaliwa zikiwa bado mbichi. Zianikwe juani. Anayeona haya atandaze kanga nyepesi juu yake. Staha itabaki na hewa itapita. Msimu wa mvua, pasi ya moto humalizia kukausha za pamba.

Baba naye asisahauliwe

Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la chini kidogo kuliko la mwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wanaume 656, uligundua kuwa waliozoea boksa zilizolegea walikuwa na msongamano wa mbegu uliozidi kwa asilimia 25 kuliko wa wavaaji wa nguo za kubana. Hiyo haina maana kwamba boksa inatibu ugumba, lakini kijana anayeanza kujinunulia nguo anaweza kuelezwa hilo mapema.

Usiku, mtoto anaweza kulala na pajama pana bila chupi ili ngozi ipumue. Hilo halina gharama, na huenda likapunguza safari za duka la dawa.