Gari Jepesi, Nyuma Nzito

Msomaji mmoja wa Morogoro ametuletea picha na swali. Picha ni ya Willys la miaka ya 1930, gari la Kimarekani lililofanyiwa kazi upya kwa ajili ya mbio za robo maili. Madigadi ya mbele yamekatwa, bampa hakuna, chasisi imetobolewa matundu mwanzo hadi mwisho, na pua ya gari imeinuliwa kiasi kwamba fundi angeweza kujipenyeza chini yake bila kuhitaji jeki. Anauliza: “Kama walikuwa wanahangaika kupunguza kila kilo, na kila mtu anajua gari la mbio hulazwa chini, hili mbona wamelipandisha? Na gari likiwa jepesi namna hiyo, tairi zitaishikaje barabara?”

Maswali mazuri haya, hasa la pili, kwa sababu linaonyesha ameshaanza kushuku kwamba wepesi peke yake hauelezi kitu.

Historia nitaipitia haraka, imesimuliwa mara nyingi. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua Ford kuukuu kwa bei ya chee: Model T, Model A, na kipenzi cha wengi, Ford ya 1932 yenye injini ya V8 ya lita 3.6 na nguvu farasi 65. Walizivua, wakazichokonoa, wakaziita hotirodi, wakaenda kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1950 mashindano ya robo maili yakapata makazi kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha NHRA, chama ambacho hadi leo kinasimamia mbio hizo Marekani. Kanuni yenyewe haina ugumu: magari mawili yanaanza yakiwa yamesimama, njia imenyooka, urefu ni mita 402, wa kwanza kufika ameshinda.

Injini sitaigusa. Kila anayeandika kuhusu hotirodi huanza na injini na kuishia na injini.

Kwanza wepesi, maana huo una hesabu fupi. Nguvu ya injini ikibaki ileile, muda wa kumaliza robo maili hufuata kipeuo cha tatu cha uzito. Punguza sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari, na muda unapungua kwa asilimia tatu na nusu hivi. Gari la sekunde 12 linakuwa la sekunde 11.6. Inaonekana kidogo, lakini gari linalovuka mstari kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa hutembea karibu mita 18 ndani ya hizo sekunde 0.4. Ndiyo maana kila kisichosukuma gari mbele kilitupwa: madigadi, boneti, taa, kioo cha mbele, viti vya abiria. Mkimbizaji mmoja, Dick Kraft, alikata mzizi wa mjadala pale Santa Ana: alivua bodi yote, akabaki na chasisi, injini, magurudumu na mahali pa kukaa. Gari lake, The Bug, wengi hulihesabu kuwa babu wa magari yote ya mbio hizi yasiyo na bodi.

Matundu ya kwenye chasisi nayo si mapambo. Mhimili wa chuma ukipindwa, ukingo mmoja unabanwa na mwingine unavutwa, na katikati pana mstari usiobanwa wala kuvutwa. Chuma cha katikati kazi yake kubwa ni kuzitenganisha kingo mbili. Toboa hapo, acha kingo salama, na mhimili utapoteza uzito mwingi kuliko unavyopoteza uimara. Fundi aliyetoboa karibu na ukingo alijua siku ya pili.

Sasa tairi. Msomaji wetu anawaza hivi: tairi hushika barabara kwa sababu uzito unaikandamiza, ukipunguza uzito, umepunguza mshiko. Kweli. Ila umepunguza pia kitu kinachohitaji kusukumwa. Gari likiwa nusu ya uzito, mshiko ni nusu na mzigo wa kusukuma ni nusu, vinafutana, na mchapuko unabaki palepale. Kwa hiyo pale mwanzoni kabisa, ambapo tairi inatishia kuserereka, kilo za gari zima hazina neno. Kinachohesabika ni sehemu gani ya kilo hizo imekaa juu ya magurudumu ya nyuma, maana hayo ndiyo yanayosukuma. Na hapa ndipo panaponifurahisha.

Nenda Kariakoo ukawatazame watu wawili wakipandisha friji ghorofani. Wameisimamisha wima juu ya ubao, mmoja ameshika ncha ya mbele, mwingine ncha ya nyuma. Sakafuni kila mmoja anabeba nusu. Wakianza kupanda ngazi, yule wa chini anaanza kuguna. Friji ni ileile na haijasogea hata inchi juu ya ubao, lakini kitovu cha uzito wake kiko juu, na ubao ulipoinama kitovu hicho kimeelekea upande wake. Ngazi zikiwa na mwinuko mkali zaidi, analemewa zaidi. Friji ikiwa ndefu zaidi, analemewa zaidi. Ubao ukiwa mfupi, analemewa zaidi. Wakiilaza friji, anapata nafuu. Na ukiyazidisha yote pamoja, inafika hatua ambapo mwenzake wa juu mikono yake haina kitu, ubao unamponyoka, na friji inampindukia yule wa chini kichwani.

Dereva anapoachia klachi na kukanyaga mafuta, kwa gari barabara tambarare imegeuka ngazi. Hii si sitiari. Ndani ya chombo kinachochapuka, huwezi kutofautisha mchapuko na mvutano wa dunia ulioinama. Einstein aliligundua hilo mwaka 1907, na ndilo lililomfikisha kwenye nadharia yake ya graviti. Gari likichapuka kwa nusu ya mchapuko wa kitu kinachodondoka, ni sawa na kupanda mlima unaoinuka mita moja kwa kila mita mbili za mbele. Likichapuka sawa na kitu kinachodondoka, mlima ni wa nyuzi 45. Ekseli ya nyuma ni yule bwana wa chini. Tofauti ni kwamba yeye huomba mzigo upungue, wakati sisi tunautaka, tena mwingi kadiri utakavyopatikana.

Jina la jambo hili linanisumbua. Tafsiri ya haraka ni “uhamisho wa uzito”, lakini uhamisho ni ile barua ya mwalimu ya kwenda wilaya nyingine, na mtu akihamishwa anaondoka kweli. Hapa hakuna kilo iliyohama. Kilichobadilika ni nani analemewa. Nitaliita mlemeo, mpaka wenye kamusi wanikataze.

Tupige hesabu. Chukua hotirodi ya kilo 900 yenye mita 2.7 kutoka ekseli hadi ekseli, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya lami, na uzito umegawanyika nusu kwa nusu. Tairi ni za kawaida: zinaweza kusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito uliozikalia, si zaidi. Gari limesimama, nyuma pana mlemeo wa kilo 450. Mshiko huo unatosha kulichapusha gari kwa nusu ya graviti. Lakini likichapuka hivyo, mlemeo wa nyuma unaongezeka kilo 100, unakuwa 550. Mshiko nao umeongezeka, kwa hiyo mchapuko unapanda hadi 0.61. Mchapuko ukipanda, mlemeo unafika kilo 572. Mshiko unaongezeka tena. Mchapuko tena. Kila mzunguko unaongeza kidogo kuliko uliotangulia, na hesabu inatulia kwenye mchapuko wa 0.64 na mlemeo wa kilo 579. Gari limejitwisha kilo 129 kwa kuondoka tu. Yote haya hutokea ndani ya muda ambao dereva hajamaliza kuachia klachi, na mimi bado sijachoka kushangaa: gari linajikandamiza ili likimbie, na linakimbia kwa sababu limejikandamiza.

Ukishaelewa mzunguko huo, kila kituko cha kwenye picha kinajieleza. Irudishe injini nyuma, betri iweke kwenye buti, toboa mihimili ya mbele, weka ekseli nyepesi mbele. Ukifanikiwa kuweka asilimia 60 ya uzito nyuma, mchapuko unafika 0.77. Kisha pandisha gari mpaka kitovu cha uzito kiwe sentimita 75: sasa ni 0.83, na ekseli ya nyuma inalemewa na kilo 748 kati ya 900. Hujaongeza farasi hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu pua ya Willys iko hewani. Na ndiyo sababu walilipenda Willys: ni jepesi tangu kiwandani, na ekseli zake hazikuachana sana, mita 2.54 tu kwa yale ya 1933. Ubao mfupi, friji ndefu.

Wasimamizi wa mbio waliyajua haya vizuri. Kanuni za NHRA ziliruhusu injini irudishwe nyuma asilimia 10 tu ya urefu wa ekseli hadi ekseli kwenye madaraja ya Gas, na asilimia 25 kwenye yale ya Altered. Tena madaraja yalipangwa kwa kugawa uzito wa gari kwa ukubwa wa injini, kwa hiyo aliyepunguza uzito kupita kiasi alijikuta amepandishwa daraja, anashindana na vigogo. Hapo utaona ufundi wa ajabu: mtu anakesha akitoboa vyuma vya mbele ili aokoe kilo, halafu, pale kanuni zinaporuhusu, anafunga mzigo wa chuma nyuma ili kilo zirudi. Ukiangalia mizani tu utasema amechanganyikiwa.

Kitu kimoja huwatatiza watu: tenki dogo la mviringo la mafuta, aina ya lile alilolifanya maarufu Dean Moon wa Santa Fe Springs, mara nyingi limefungwa mbele kabisa, nje, mbele ya redieta. Kama kila kilo inatakiwa nyuma, kwa nini tenki mbele? Kwa sababu mafuta nayo yanaona mlima. Gari likichapuka, yanasukumwa nyuma. Tenki likiwa mbele, yanasukumwa kuelekea injini. Likiwa nyuma, pampu ingebidi iyapandishe ngazi. Na kwa mbio za sekunde kumi na kitu, lita chache zinatosha, kwa hiyo hasara ya uzito ni ndogo.

Tairi zenyewe zilibadilika pia. Zile wanazotumia hazina kashata hata kidogo: tairi kipara, zile ambazo trafiki angekupigia faini, wao wanazinunua mpya zikiwa hivyo. Kwenye lami kavu mpira laini na wenye joto huingia katika vinyweleo vya lami na kunata, na msuguano wake huvuka ule uzito uliozikalia. Vitabu vya shule mara nyingi huupa msuguano kiwango cha juu cha moja. Kwa kiwango hicho, hata gari ambalo uzito wake wote uko nyuma lisingeweza kumaliza robo maili chini ya sekunde 9.06. Mwaka 1964 dereva Don Garlits alitumia sekunde 7.78 na kuvuka mstari kwa kasi ya maili 201 kwa saa.

Tairi zilipokuwa bora, kupandisha gari kukageuka hatari. Kwa gari letu la sentimita 75, mchapuko ukifika 1.44 magurudumu ya mbele hayana mlemeo wowote, na usukani haushiki kitu. Ndipo magari yakaanza kurefushwa na kushushwa. Nimeacha springi, upepo, na tabia ya ekseli ya nyuma kuelemea kushoto kuliko kulia injini inapoizungusha. Hayo yangebadilisha tarakimu zangu, lakini si mwelekeo wake.

Mwisho wa barua yake msomaji anataka kujua kama haya yote yanaweza kufanywa kwa Toyota IST ya mdogo wake. IST nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele. Hapo mzunguko unageuka: kadiri linavyochapuka, mlemeo unayakimbia magurudumu yanayosukuma. Chukua gari la namna hiyo lenye asilimia 60 ya uzito mbele, vipimo vya hotirodi yetu ya mwanzo na tairi zilezile za kawaida, na mchapuko unaishia karibu 0.49. Ukiligeuza gari hilohilo na kuondoka kwa rivasi, hesabu inatoa 0.77. Mita chache za mwanzo lingemwacha mbali mwenzake anayekwenda mbele, hadi gia ya rivasi iishiwe.